Mafuta ya Mlonge Hayakumtosha Milembe

Wiki mbili zilizopita wanafunzi wanne wa chuo cha dawa walinitembelea hapa kwangu Kagongwa. Walikuwa wamesikia kwamba nilitumia maisha yangu ya kazi kuchanganya losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na wao wanafanya utafiti wa mimea inayoweza kusaidia ngozi. Walikuwa watoto wazuri, wenye heshima. Mmoja wao, binti mwenye miwani, akaniuliza: "Mama Shija, kama mafuta ya mlonge yana viini vya kuzuia jua, kwa nini hamkuyatumia yenyewe tu mkaachana na haya makemikali?"

Nikamwambia ngoja nikaangalie chai. Nikaenda jikoni, nikakaa juu ya kigoda, na chai ikachemka mpaka ikamwagika motoni. Niliporudi nikawaeleza habari za bei ya mbegu. Wakaandika, wakaaga, wakaondoka bila jibu.

Jibu ndilo hili. Msome wote, na wenzenu wanaotaka kuingia katika kazi hii.

Chumba chetu cha kuchanganyia dawa kilikuwa nyuma ya hospitali moja mkoani Shinyanga. Jina lake halina haja, na lawama nitakazozitaja si zake, ni zangu. Palikuwa na meza mbili za vigae, majiko mawili ya gesi, mizani, na Babu Mfaume. Babu Mfaume ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba. Wazee wake walitoka Ujiji, yeye akazaliwa Shinyanga mjini, na Kisukuma alikiongea kwa lafudhi iliyofanya wagonjwa wacheke kabla hata hawajapewa dawa. Hakuwahi kuchanganya kitu bila kuvaa kofia yake ya kiua, na kofia hiyo ilikuwa na madoa meupe ya zinki kama ukuta uliopakwa chokaa na mtu mwenye haraka.

Losheni yetu ya kukinga jua ilisimama juu ya unga wa zinki, unga mweupe laini unaokaa juu ya ngozi na kulirudisha jua lilikotoka. Kazi ni kuupata ukae sawasawa. Unausaga kwanza na mafuta kidogo, polepole, mpaka usisikie punje hata moja ukiusugua katikati ya vidole. Ukiumwaga wote mara moja unajikunja madonge, na kila penye donge, ngozi ya pembeni yake imebaki bila ulinzi. Maji nayo unayapasha moto mpaka yalingane na moto wa mafuta, ndipo unavikutanisha huku unakoroga upande mmoja tu. Mimi siku yangu ya kwanza nilimimina maji ya baridi kwenye mafuta ya moto. Vikaachana. Mafuta juu, maji chini, zinki imezama kama tope la bwawa.

Babu Mfaume akachungulia ndani ya sufuria. "Hongera," akasema. "Umepika mchuzi. Sasa tafuta wali."

Kosa la pili lilikuwa la ndimu. Wagonjwa walilalamika kwamba losheni yetu inanuka kama plasta ya jeraha. Mimi nikajifanya mjuzi, nikakamulia ndimu kwenye kopo moja dogo ili inukie vizuri. Nikajipaka mwenyewe kwanza, hilo angalau nililifanya vema, kisha Jumamosi nikaenda kupalilia mpunga. Jioni mikono na shingo vilikuwa vinawaka. Kesho yake malengelenge, na yalipopona yaliacha michirizi myeusi iliyokaa miezi. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaunguza. Ni mmea, umetoka shambani, hauna kemikali hata moja ya kiwandani, na ulinibabua kama maji ya moto.

"Ndimu ni ya pilau, mwanangu," Babu Mfaume alisema akinifunga bandeji. Hakucheka. "Na usimwambie mtu kitu ni salama kwa sababu tu kimeota ardhini. Hata upupu umeota ardhini."

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Nilidhani kusikia kunatosha.

Milembe nilimjua tangu ana miaka saba. Mama yake alimleta amefunikwa kitenge kichwani mpaka miguuni, akatembea akiwa ameshika kidole cha mama, maana macho yake yalikuwa hayaoni mbali, kama yalivyo macho ya watu wengi wenye ualbino. Alipotolewa kitenge alinusa hewa, akauliza kwa sauti, "Nani anapika mandazi humu?" Ilikuwa ni harufu ya nta tunayoiyeyushia losheni. Tangu siku hiyo akaniita daktari wa mafuta. Mimi si daktari, sijawahi kuwa, lakini jina hilo hakuliacha hata alipokuwa mtu mzima.

Alikua akawa mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa. Akahamia na mama yake upande wa Katoro, wakafungua banda la chakula karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo. Wateja hakuwajua kwa sura, aliwajua kwa sauti. Mchimbaji akifika tu na kukohoa, Milembe anasema, "Wewe ni wa wali nyama, na jana uliacha mifupa chini ya benchi." Watu walikwenda kula pale ili wataniwe. Alivaa kofia pana ya ukili na mashati ya mikono mirefu, na kila baada ya miezi mitatu alipanda basi kuja kwetu kuchukua losheni. Safari hizo hazikuwa nyepesi. Mnajua, hata kama hamsemi, kwa nini huku kwetu mtu mwenye ualbino akisafiri peke yake mama yake halali mpaka arudi. Alisafiri hivyo hivyo.

Sasa niwaambie habari za mimea, maana hapo ndipo penyewe.

Miaka ile wageni walikuja kutufundisha kwamba ndani ya mimea mna viini vinavyonyonya mionzi ya jua na kuituliza ngozi iliyoungua. Ni kweli. Nilijaribu mbegu za mlonge, ufuta, alovera, na majani ya chai ambayo hayajachachushwa. Nilifurahi kama mtoto. Nilijifunza kwamba chai ukiiacha kwenye chupa nyeupe inageuka rangi na nguvu yake inakwisha, kwa hiyo iweke kwenye chupa ya kahawia, gizani. Nilijifunza kwamba mafuta ya mlonge yaliyokamuliwa kwa moto mkali yanachacha upesi. Nilijifunza pia kwamba unga wa zinki ukiupima leo na kesho ni uleule, lakini jani halina adabu hiyo. La masika si la kiangazi. La mti wa kwenye kichuguu si la mti wa mbugani. Nikaanza kuongeza alovera na mafuta ya mlonge kwenye losheni yetu ya zinki, ikawa laini, haikauki, haivuti ngozi. Wagonjwa wakaipenda kuliko zamani. Mimea ilikuwa inaisaidia zinki kazi, na ilisaidia kweli.

Nikakamua pia mafuta ya mlonge yasiyo na zinki, yenye chai na alovera kidogo, kwa ajili ya kupaka jioni baada ya jua. Nilipokuwa naandika karatasi za kubandika kwenye chupa, Babu Mfaume alisimama nyuma yangu. Alikuwa amebakiza wiki chache astaafu.

"Usiandike neno jua kwenye chupa hiyo," akasema.

"Lakini Babu, yanazuia kidogo."

"Kidogo utaandika wewe. Mgonjwa atasoma yanazuia."

Nikaandika: Mafuta ya kulainisha ngozi. Kwenye karatasi nilimtii.

Mwaka uliofuata Babu Mfaume hayupo, unga wa zinki ukachelewa kufika. Wiki ya kwanza tulikwangua makopo. Wiki ya tatu hakukuwa na cha kukwangua. Milembe akafika katikati ya mchana, amejaa vumbi la barabara, kofia mkononi.

"Shikamoo, daktari wa mafuta."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Katoro saa ngapi?"

"Alfajiri. Nimemwachia mama masufuria yote, leo wachimbaji watakula chumvi. Nipe changu nirudi."

"Milembe, losheni hakuna. Unga haujafika."

Akaiweka kofia juu ya meza. Akauliza utafika lini, nikasema sijui. Nikaona mabega yake yameshuka. Alikuwa ametumia nusu ya siku na roho yake mkononi kuja pale, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nimevaa koti jeupe sina kitu.

Wanangu, hapo ndipo mtu anapoharibu. Sikuwa na nia mbaya, sikuwa mzembe wa kupima. Nilishindwa kuivumilia aibu ya kumrudisha mikono mitupu. Ningemwambia: losheni hakuna, kwa hiyo kaa kivulini, usivue kofia, funika masikio na shingo, pika ndani, mama ahudumie nje, na unga ukifika nitakutafuta. Hiyo ingekuwa dawa. Badala yake nilifungua kabati nikatoa chupa mbili za mafuta ya mlonge.

Akazishika, akanusa, akatabasamu. "Haya yanazuia jua?"

"Yanazuia," nikasema. "Ni ya miti, hayana madhara."

"Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma, akaniita mama. Akaondoka.

Unga ulifika baada ya miezi miwili. Nilimpigia simu, namba haipatikani. Nikapiga tena wiki iliyofuata, haipatikani. Watu wa machimboni hubadilisha laini kama wanavyobadilisha mashimo, nikajiambia atakuja mwenyewe zamu yake ikifika. Zamu ikapita. Nikajiambia labda amepata dawa kwingine karibu. Kulikuwa na basi la kwenda Katoro kila siku. Linapita mbele ya geti letu. Sikulipanda.

Alirudi baada ya mwaka na nusu. Alikuwa amejifunga khanga upande wa kulia wa uso, na mama yake alikuwa amemshika mkono. Nilijua kwa harufu kabla hajaifungua. Kidonda kilikuwa mbele ya sikio, kimekula mpaka kwenye taya, kingo zake zimeinuka. Kwa kazi yetu mnajifunza kuyajua hayo mapema, na mnatamani msingeyajua.

"Kilianza kama kipele," Milembe akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikakipaka mafuta. Mafuta yako yalikuwa mazuri, mayu, hayana ule unga unaokwaruza. Yalipokwisha nilijifunza kukamua mwenyewe. Mlonge upo mwingi kule. Hata wenzangu wa ngozi kama hii nawapa, tupo watano pale machimboni."

Nikamuuliza kofia yake iko wapi.

"Ile niliiacha. Inanizibia mwanga, siwaoni watu vizuri, na joto la jikoni unalijua. Nikasema mafuta si yapo?"

Mama yake akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na chupa kwenye kikapu, chupa yangu ya kahawia, imejazwa mafuta mapya. Ile karatasi niliyoiandika kwa kumtii Babu Mfaume bado ilikuwa imebandikwa. Mafuta ya kulainisha ngozi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na haja ya kuisoma, walikuwa wamesikia kinywani mwangu.

Ningeusema ukweli pale pale. Nilisema, "Twende kwa daktari."

Wakampeleka Mwanza. Wakamkata, wakamchoma mionzi, na sikuweza kumtembelea ila mara moja. Alikuwa amelala ubavu, nusu ya uso imefungwa. Alinijua kwa namna nilivyovuta kiti.

"Daktari wa mafuta."

"Naam, mwanangu."

"Nilipaka vibaya?"

Sikuelewa mara moja. Akarudia: "Nilikuwa napaka asubuhi na mchana. Pengine ilitakiwa mara tatu. Nimekuwa nikiwaza hapa. Nilikosea wapi?"

Alikuwa amelala kitandani anajitafutia kosa. Nikamshika mkono nikamwambia, "Hapana, Milembe. Hukupaka vibaya." Hilo lilikuwa kweli. Kabla sijalisema lililobaki, muuguzi akaingia na sinia la dawa, na mimi nikashukuru kwamba ameingia. Nikapanda basi nikarudi. Alifariki kabla ya mwezi kuisha.

Daktari mmoja, mtu mwema, aliniambia baadaye kwamba kansa ya namna ile huanza kujengeka miaka mingi nyuma, tangu utotoni, na pengine hata angepaka losheni yetu mwaka ule na nusu wote isingebadilisha kitu. Inawezekana. Nimelishika neno hilo mara nyingi, na kila nikilishika naiona kofia ya ukili imetundikwa kwenye msumari bandani huku mwenyewe yuko juani.

Msiba ulikuwa kijijini, nje kidogo ya Katoro. Wachimbaji walikuja wengi na nguo za vumbi. Nilimkuta Mama Milembe kwenye mkeka kati ya wanawake. Nikamwomba tuzungumze pembeni, tukasimama nyuma ya nyumba karibu na jiwe la kusagia.

"Mama Milembe," nikasema, "mafuta yale hayakuwa ya kuzuia jua. Yanasaidia ngozi kidogo, hayatoshi. Nilijua kwamba hayatoshi. Nilimwambia yanazuia kwa sababu niliona aibu kumrudisha bure. Kofia aliivua kwa ajili ya neno langu."

Nilisubiri anipige, au anikumbatie. Msibani mtu huwaza upuuzi kama huo, kwamba huzuni ya mwenye msiba itakuwa kwa ajili yako. Macho yake yalikuwa makavu.

"Alikuuliza," akasema. "Kule Mwanza. Aliniambia alikuuliza."

"Ndiyo."

"Na hukumjibu."

"Sikumjibu."

Akafunga khanga yake kiunoni upya. "Wenzake wanne wako hapa. Unajua kwamba bado wanapaka?"

Sikuwa nimewawaza. Mungu anajua, tangu siku ile Milembe alipowataja sikuwa nimewawaza hata mara moja. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya kujitua mzigo, mkoba mtupu.

Mama Milembe akanishika kifundo cha mkono, akanipitisha katikati ya watu. Wa kwanza alikuwa dada mmoja anayeponda mawe, amejikunyata kivulini. "Mwambie na huyu," Mama Milembe akasema. Nikamwambia. Wa pili na wa tatu walikuwa ndugu, wamekaa pamoja. "Mwambie na hawa." Nikasema tena yote, pamoja na lile la aibu, maana nilipojaribu kuliruka Mama Milembe alinibana mkono. Wa nne alikuwa kijana fundi viatu anayeitwa Masunga, shati la mikono mifupi, mikono imejaa madoa ya jua. Nilidhani mara ya nne ingekuwa nyepesi. Haikuwa.

Masunga alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa mfukoni kichupa kidogo cha mafuta ya mlonge, akakigeuza geuza karibu kabisa na jicho lake. Akauliza kwa upole, bila hasira yoyote:

"Kwa hiyo kesho nipake nini?"

Nikamwambia asubiri siku mbili. Nikamwambia akae kivulini, avae mikono mirefu, atafute kofia. Nililala palepale msibani, alfajiri nikapanda basi la kwanza kurudi Shinyanga, na siku iliyofuata nilikuwa Katoro tena na boksi la losheni mapajani. Nilikwenda hivyo kila baada ya miezi mitatu mpaka nilipostaafu, na aliyenifuatia kazini anakwenda bado. Yule dada mponda mawe na wale ndugu wawili wapo, wazima. Nilipowafikia siku ile niliwaonyesha: mistari miwili ya losheni juu ya vidole viwili, hiyo ni ya uso na shingo, masikio usisahau, rudia kila baada ya saa mbili, na ukitoka jasho rudia tena.

Masunga sikumkuta. Ilisikika kwamba kuna dhahabu imeonekana mahali pengine, na jana yake watu walikuwa wameondoka kwa malori. Alikwenda nao na sanduku lake la viatu. Nimemuulizia Nyarugusu, nimemuulizia Kahama, nimewauliza wachimbaji waliotoka Chunya. Hakuna anayemjua.

Nyinyi mtazunguka sana kwa ajili ya utafiti wenu wa mimea. Ufanyeni, ni kazi njema, na siku moja mnaweza kupata mmea unaotosha. Lakini mkifika machimbo yoyote, muulizieni fundi viatu anayeitwa Masunga. Mkimpata, mpeni losheni kwanza kabla ya salamu. Kisha mwambieni yale mafuta hayatoshi, na kwamba Mama Shija alirudi siku ya pili kama alivyosema, akakuta ameondoka.